Nyambizi Aliyoiacha Kaka Festo

Kaka Festo,

Nimeifungua kompyuta yako. Najua ungefoka, hukutaka mtu aiguse, lakini hupo, na nimechoka kuiona imefunikwa kitambaa cha Mama. Tangu tukuzike Vwawa hakuna aliyethubutu kuiwasha.

Kumbe nyambizi yako bado ilikuwa baharini! Uliuacha mchezo katikati ya safari, topido mbili zimebaki, yale makombora ya chini ya maji, na jina lako limeandikwa pale juu: Kamanda Festo. Niliogopa, kaka. Wewe ndiye uliyeuweka mchezo ule bila kurudi nyuma: ukizama umezama, safari yote inafutika. Nikasema sikubali ufe mara ya pili, tena mikononi mwangu.

Ningeweza kuiachia kompyuta ilenge yenyewe. Lakini nilikusikia kabisa: "Huo ni ulengaji wa wavivu, mdogo wangu." Basi nikajifunza kulenga kwa mkono, kama ulivyoanza kunifundisha kule Mpemba, kando ya barabara ya mpakani, tukitazama malori. Umbali wa lori, mwendo wake, na ubavu gani unaouona. "Usilipige lilipo, lipige linapokwenda." Uliniambia ubavu wa kulia wa meli niukumbuke hivi: upande wa dereva.

Nikawa naenda kusimama barabarani nifanye mazoezi. Watu wakasema msiba umenipanda kichwani. Waache. Balaa lilikuwa kwingine: foleni ilijaa malori ya Kongo, usukani kushoto! Nikakariri kinyumenyume bila kujua. Siku nilipoiona meli ya mizigo kwenye darubini, nikajaza hesabu zangu kwa mbwembwe, nikafyatua. Topido ikapita nyuma yake, ikaenda zake. Na manowari iliyokuwa ikiilinda ikanijia mzimamzima.

Nikazama haraka. Mabomu yakaanza, taa za ndani zikazimika, maji yakaingia nyuma. Mama akaja mlangoni: "Njoo ule, ugali unapoa." Nikamjibu bila kugeuka, "Mama, nikiondoka hapa Festo atakufa."

Mungu anisamehe, lilinitoka tu. Nilidhani atanizaba kibao. Akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu. Kila bomu lilipolia alinikamata bega na kusema, "Yesu wangu." Nikazima injini, nikatulia kule chini, na hapo ndipo akili iliponijia: dereva wa Kongo anakaa kushoto. Mjinga mimi!

Manowari ikazungukazunguka, ikasogea mbali. Nikapanda polepole, nikainua darubini. Meli ileile, inanipa ubavu. Nikageuza pembe, nikapima upya, nikafyatua ile ya mwisho. Tukasubiri, Mama na mimi. Meli ikapasuka katikati! Sikushangilia. Niligeuza nyambizi nikakimbia nayo, inavuja, hadi nyumbani.

Mama akauliza, "Ametoka?"

"Ametoka, Mama."

Akalia, kaka. Tukalia wote wawili, kwa sauti, vile ambavyo hatukulia pale makaburini.

Mchezo uliniuliza kama Kamanda Festo anaanza safari nyingine. Nikajibu hapana. Upo bandarini sasa, na hakuna atakayekutoa tena. Kwaheri, kaka yangu, pumzika. Nakuahidi sitaiacha kompyuta inilengee. Kesho naanza safari mpya, nyambizi yangu, jina langu, na nikikosea, nizame mimi.

Mdogo wako,
Neema