Wifi Kanifungia Maji kwa Sababu ya Bwawa la Kwenye Simu

Mpendwa mshauri, msaada nauhitaji, ila usianze kucheka kabla hujamaliza kusoma, maana mimi si mtu wa kuchekwa, nimelea watoto saba kwa bustani ya karoti huku Mgeta na darasa langu la nne hilo hilo. Mjukuu wangu Upendo alipokuja Krismasi alituwekea mchezo kwenye simu, mimi na wifi yangu Magreth, unapewa kijiji na msitu na familia kumi, unapasua mbao, unachimba chuma, unalisha watu wako, wakishiba wanafanya kazi, wakilala njaa wanahama, na vijiji vyetu vikawa kwenye mto mmoja, mimi juu, wifi chini, nami kwa akili yangu mwenyewe nikafika kwenye kiwanda cha sukari wakati Magreth, aliyefika la saba na anayetukumbusha kila siku, bado anahangaika na mpunga. Sasa kiwanda kinakunywa maji kama ng'ombe, nikajenga bwawa, mto wote ukabaki kwangu, mpunga wake ukakauka, watu wake wakahama, na sitakuficha, wengine walihamia kwangu nikawapa kazi ya kukata miwa. Akanipigia, "Wifi, achia maji, nimebakiwa na familia mbili." Nikamwambia, "Chimba kisima, wewe si msomi." Nilikuwa natania, kidogo.

Jumapili tukitoka kanisani akanipigia goti mbele ya watu, "Shikamoo, mwenye kiwanda," na huyo nimemzidi miezi miwili tu, mshauri, alikuwa ananikejeli, nami nikaitikia marahaba, nikaongeza, "Hujambo, mwanangu?" Basi Alhamisi ni zamu yangu ya maji ya mfereji, haya ya kweli, ya kumwagilia, na mfereji unapita kwanza shambani kwake, nimesubiri tangu asubuhi, hata tone sijaona, nikapanda nikakuta kauziba kwa mawe na udongo, Alhamisi iliyofuata vivyo hivyo. Karoti zangu zina wiki tano, huu ni mwezi wa nane, mvua hakuna, majani yameanza kulala. Mtu mzima kumfungia mwenzake maji kwa ajili ya mchezo, wewe umeona wapi? Nimpeleke kwa mtendaji wa kijiji au kwa padri? Jina langu liandike, sijaiba cha mtu.

Bibi Paskalia, Mgeta

Bibi Paskalia, shikamoo. Yangu ni ya heshima, usiitilie shaka. Karoti kukosa maji wiki mbili mwezi wa nane inauma, nakupa pole, na Magreth amekosea, maji ya zamu ni chakula cha nyumba, si ya kulipizia kisasi. Pole zangu zimeishia hapo.

Unauliza nimeona wapi mtu mzima akifunga maji kwa ajili ya mchezo. Nimeona kwenye barua yako, na aliyeanza ni wewe. Tena hata huo mchezo umeuendesha ovyo. Umechukua mto mzima ukaupa kiwanda kimoja, ukaua mpunga ambao ungewalisha wakata miwa wako, kisha ukaongeza midomo kijijini. Watu hao watakula sukari asubuhi na jioni? Subiri kidogo uone watakavyohama.

Kwa mtendaji usiende. Atauliza mgogoro ulianzaje, nawe utatoa simu umwonyeshe bwawa, na kabla ya jua kuzama Mgeta nzima itakuwa na habari. Padri naye mwache, ana kazi.

Leo hii achia hilo bwawa. Mpangiane zamu humo kwenye simu kama mnavyopangiana kwenye mfereji, siku tatu zako, siku tatu zake, Jumapili kiwanda kipumzike. Kisha panda hadi kwake kwa miguu, usipige simu. Karoti usizitaje. Sema, "Wifi, nimeachia maji, nilikosea," halafu nyamaza. Atakusema, tena sana, na utapata jibu zuri la kumchoma, nakujua kwa barua moja tu. Limeze. La darasa la saba akiligusa, limeze pia.

Akimaliza, nendeni wote wawili hadi kwenye mfereji, na jembe mpe yeye. Mawe aliyaweka mwenyewe, ayatoe mwenyewe.