Tiketi Yangu Imewafikisha Washenga Siku Moja Kabla

Mpendwa Shangazi Mwaisha, shikamoo, naomba msaada wako maana nimebanwa kweli na wa kumwambia sina. Mimi ni binti wa Korogwe, nafanya kazi stendi ya Msamvu katika ofisi ya kampuni moja ya mabasi, na tangu mabasi ya watu binafsi yawe mengi kila tajiri anataka kumzidi mwenzake, basi bosi wangu, Mzee Benedikto, akanunua kompyuta, na kwa kuwa nilisoma kozi ya Visual Basic akaniambia niandike programu ya kutoa tiketi, ila saa zisomeke kwa Kiswahili, kwa sababu abiria wetu akiona 8:00 anakuja saa nane mchana wakati basi limeshaondoka saa mbili asubuhi.

Nikaona kazi rahisi, nikaiamuru mashine ipunguze saa sita kwenye kila safari, nikajaribu basi la asubuhi, sawa, la mchana, sawa, bosi akanisifu mbele za watu, la alfajiri wala sikulijaribu. Kumbe mashine inashika tarehe na saa pamoja kama kitu kimoja, ukiirudisha nyuma saa sita kutoka alfajiri ya Jumapili inaangukia Jumamosi usiku, kwa hiyo tiketi ikatoka imeandikwa saa 11:00, sahihi kabisa, lakini kwa tarehe ya Jumamosi.

Na waliopanda basi hilo ni washenga wangu mwenyewe! Mchumba wangu Twalibu ni Mluguru wa Kinole, na aliyeongoza posa ni mjomba wake, Mzee Salehe, ambaye aliambiwa Jumapili lakini alipoona tiketi akasema watu husahau, mashine haisahau, wakaondoka Jumamosi. Wakafika kwetu wakakuta vitanda viko uani, kuku wanatembea juu ya magodoro, baba hayupo, na mama yuko juu ya ngazi anapaka chokaa ukutani, uso mweupe pe, akashtuka akasema, “Jamani, nani kawaita leo?” Mzee hakunywa hata maji. Aligeuka na wenzake, na sasa anasema Korogwe harudi, kadharauliwa, na mama naye anatangaza kwamba yule mzee hajui kusoma tarehe.

Twalibu ananiuliza mkweli nani, nami nimenyamaza, kwa sababu bosi kanikataza kusema programu ina kasoro, abiria watahamia kwa wapinzani na kazi sina. Nampenda Twalibu, Shangazi, usiku silali. Je, ninyamaze mpaka mzee apoe?

Mimi, Niliyekwama Msamvu.

*

Marahaba, binti. Pole. Nimecheka kwa yale magodoro, sikufichi, halafu nikasoma tena nikaacha kucheka.

Umeniandikia machozi kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini hakuna mahali uliposema kwamba programu umeirekebisha. Hivi unajua kesho alfajiri nani atapanda na tarehe yako ya uongo? Mwenzio huenda anawahi mazishi. Acha kusoma gazeti, nenda kaiwashe hiyo mashine. Tarehe na saa halisi uziache humo ndani kama zilivyo, usiziguse. Kinachobadilishwa ni ile saa inayosomwa na abiria, tena wakati wa kuchapa tu. Alfajiri yetu tunaihesabu saa kumi na moja, lakini hakuna Mswahili anayeiita ya jana! Kisha ujaribu mabasi ya usiku na ya alfajiri, na siku ya kwanza ya mwezi, siyo yale ya mchana yanayokupa sifa.

Waliokwisha kununua, simama mlangoni uwabadilishie tiketi kwa mkono wako. Bosi akinuna, mwambie abiria huvumilia ofisi inayosema “tumekosea”, ila aliyefikishwa siku isiyo yake akaambiwa mjinga yeye, huyo harudi. Akikufukuza kwa hilo, basi, stendi ina ofisi nyingi na wanaojua Visual Basic siyo wengi.

Sasa posa. Usianze na Twalibu kumlilia begani, wala usimtume mtani akapoze kwa mzaha, mzaha utakuja baadaye. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba huyu hakukasirishwa na chokaa. Mtu mzima kavaa kanzu yake, kabeba heshima ya ukoo, kafuata kilichoandikwa, halafu anaambiwa hajui kusoma! Ningekuwa mimi hata hayo maji ningeyamwaga. Mama yako aukanye ulimi wake, na aende mwenyewe, kwa sababu neno alilolitoa hadharani halifutwi kwa salamu za kutumwa.

Unauliza unyamaze mpaka apoe. Hapoi, binti. Kila siku unayokaa kimya ndiyo siku anayozidi kuamini kwamba mlimdharau, na Twalibu hawezi kuoa juu ya kichwa cha mjomba wake. Kwa hiyo chukua ruhusa, mchukue mama yako, mpande Kinole wiki hii hii. Ukifika piga magoti, toa shikamoo, na kabla hujakaribishwa kukaa, sema washenga wenzake wote wakisikia: “Mjomba, ulisoma sawasawa. Aliyekosea ni mimi.”