Kamio imetuacha ku Lindi

Shemeji Augustine, kaka yako Lambert ataniua! Nakuandikia juu ya karatasi ya sabuni, hapa ku kivuko cha muto Lindi.

Tulishuka ku kamio, ile lori ya kwenda Buta, ivuke muto kwanza. Lambert akaenda kununua samaki. Nikamwambia, "Watatuacha!"

"Wapi! Chauffeur mwenye kuendesha ni ndugu yangu, atangoja."

Ndugu yake! Kamio ikavuka, ikapiga honi, ikaenda na vikwembe vyote, vitenge vya arusi ya dada yangu.

"Ndugu yako anaitwa nani?"

"Bon, kusema kweli, jina sijamuuliza."

Jina hajamuuliza, Augustine!

Halafu kamio ingine ikafika, iko na nafasi ya mutu mumoja tu. Nikainama kufunga kiatu. Kuinuka, Lambert iko juu yake, inaondoka naye: eti anafukuzia vikwembe!

Dada anaolewa kesho Buta. Mimi bado niko ngambo hii ya muto, upande wa Stanleyville.