Jicho Moja, Macho Mawili

Biryogo, Kigali
9 Agosti 1992

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Buyenzi ukiwa mzima, goti limepoa, na wateja wa vitumbua bado wanagombania sahani. Mimi na mkweo Rutayisire hatujambo. Habari za vita vya kaskazini mnazisikia redioni, lakini hapa mtaani tunaamka, tunaswali, tunakwenda kazini, alhamdulillahi.

Leo nina mengi, Mama, kwa hiyo kaa vizuri.

Unajua kazi yangu hospitalini ni kutunza majalada ya wagonjwa. Mwaka juzi Daktari Eustache wa macho aliniwekea mezani majalada arobaini na matatu, yote ya watoto waliopata saratani ya jicho, ugonjwa ule ule ulionipokonya jicho langu la kushoto. Alitaka niandike mambo matatu: mtoto alikuwa na miezi mingapi siku weupe ulipoonekana kwenye mboni, ni jicho moja au yote mawili, na kama kuna ndugu aliyewahi kuugua. Alisema mabingwa wa ng'ambo walishafanya hesabu hiyo kwao. Yeye alitaka kusikia majalada yetu yatasemaje.

Mengi hayakuwa na umri. Basi kila Jumamosi nilikuwa nawafuata akina mama majumbani, mpaka Gatsata, mpaka Kabuga. Huko Kabuga nilimkuta Pudentienne, ambaye binti yake ameugua macho yote mawili. Niliogopa kumuuliza, akanicheka. "Mama hasahau," alisema. "Nilikuwa napanda maharage, naye alikuwa na miezi minane." Akaniambia pia kwamba baba wa mtoto aliondolewa jicho utotoni.

Nilipochora yote kwenye karatasi ya miraba, nilisimama nikapiga vigelegele ofisini, wenzangu wakadhani nimepata barua ya kupandishwa cheo. Watoto wa macho mawili walianza mapema, wengi kabla ya kutembea, na baadhi yao walikuwa na mzazi au ndugu mgonjwa. Wa jicho moja walianza wakiwa wakubwa zaidi, na karibu wote hawakuwa na ndugu hata mmoja aliyeugua. Ilikuwa mistari miwili tofauti kabisa.

Daktari alinieleza hivi. Kila mtu hurithi nakala mbili za maagizo yanayozuia jicho kuota uvimbe, moja ya baba na moja ya mama. Ugonjwa huja pale nakala zote mbili zinapoharibika. Watoto wa macho mawili huzaliwa nakala moja ikiwa tayari imeharibika, ndiyo maana huwahi kuugua. Wengi wa jicho moja huzaliwa wazima. Hitilafu zote mbili hutokea baadaye, kwa bahati mbaya tu, ndani ya jicho hilo hilo.

Mama, mimi nilikuwa na miaka miwili na nusu, na ni jicho moja. Mwaka jana nilipokuandikia kuuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua jicho, nilikudanganya kuwa ni swali la serikali. Lilikuwa swali langu. Uliponijibu kwamba hakuna, upande wako wala wa marehemu Baba, nililia juu ya barua yako.

Miaka ishirini na sita umeamini maneno ya Bibi, kwamba niliugua kwa sababu ulimcheka kipofu ukiwa na mimba yangu. Nimezihesabu sababu zote, Mama. Kicheko chako hakimo.

Sasa nikiri. Kila uliponiuliza habari ya mtoto, nilijibu kwamba Mungu bado hajajalia. Haikuwa kweli. Nilikuwa nachomwa sindano za uzazi wa mpango kwa hofu ya kumrithisha mtoto ugonjwa. Rutayisire alijua, akavumilia, hakunisema kwa mtu. Nilimuuliza Daktari hesabu yangu mwenyewe. Hakuniahidi mia kwa mia. Alisema katika watoto mia wa wazazi kama mimi, huenda watano wakaugua. Nilimpelekea mume wangu namba hiyo. Akasema, "Basi waliobaki ni tisini na watano." Nikaacha sindano.

Mama, una mjukuu. Anaitwa Rahma Sangwa, alizaliwa tarehe ishirini Mei. Nisamehe kukuficha, sikutaka uhesabu siku kwa hofu kama nilivyohesabu mimi. Juzi Daktari alimtia dawa ya matone, akammulika jicho la kulia, kisha la kushoto, polepole, mimi nimeshika meza. Akasema yote mawili ni safi. Ataendelea kumkagua kila baada ya miezi michache mpaka afike miaka mitano, nami sitakosa hata mara moja.

Wasalimie majirani wote wa Buyenzi, na uwaambie habari hizi bila kunong'ona. Kisha panda basi uje. Rutayisire atakungoja kwenye stendi ya Nyabugogo. Masikio ya Rahma hatujayatoboa. Majirani wa hapa wamejitolea kuyatoboa, nimewakatalia. Tunakusubiri wewe na sindano yako.

Wasalaam,
mwanao akupendaye,
Swafiya