Supu Nyeusi ya Pelagia

Jumapili, 9 Oktoba 1887

Gracjan Wolicki, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, kaja leo kumposa binti yangu. Kavaa koti jipya. Salomea alikaa chumbani kama desturi, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Pelagia mpishi alichinja bata jana, hakutaka damu yao ipotee. Akaleta supu nyeusi. Hakujua kuna posa — mimi ndiye niliyekataza habari isifike jikoni. Na kwetu mposaji akiwekewa supu ya damu amekataliwa, wala haulizi sababu. Gracjan akaonja vijiko viwili kwa adabu, akasifu mapishi, akachukua kofia yake. Nilikuwa na nafasi tele ya kusema. Nikanyamaza. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Oktoba

Najua. Tangu mama yake afariki, miaka tisa sasa, Salomea ndiye anayeendesha shamba hili. Leo alikuwa kwenye viazi tangu alfajiri, macho mekundu. Mimi ni bwana wa jina tu. Akiolewa, nitabaki na nani?

Jumatano, 12 Oktoba

Salomea kamfukuza Pelagia. Mama wa watu kanijia na furushi lake la nguo: "Bwana mkubwa, waambie basi. Mimi niliambiwa kuna mchumba?" Nikamjibu, tutaona. Miaka ishirini kanilisha, nami namjibu tutaona. Ameenda kwa dada yake, karibu na kinu. Naona haya.

Ijumaa, 14 Oktoba

Bonifacy, msimamizi wangu, karudi sokoni anacheka. Eti jirani anafunga mizigo, kapata kazi ya reli Vienna, anaondoka Jumapili. "Anasema supu yako tamu, bwana, ila hawezi kuamka kila siku anatazamana na paa lako." Nikacheka naye. Kicheko gani kile, Mungu wangu.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimeagiza gari lifungwe farasi, nimwahi Gracjan kituoni. Maneno nimeyapanga: supu ilikuwa bahati mbaya, kimya kilikuwa changu. Nikamkuta Salomea ukumbini.

— Unakwenda wapi, baba, na baridi hii?

— Kinuni.

— Kinu nilikikagua jana. Kizima.

Akanitazama. Kisha, taratibu:

— Nakuuliza mara moja tu, baba, sitarudia. Ile supu, aliagiza nani?

— Pelagia na ujinga wake.

Limenitoka hivyo hivyo, kama jina langu. Akaitikia kwa kichwa, akanifunga skafu vizuri shingoni.

— Basi ukifika huko mpitie. Mwambie arudi, nimemsamehe. Hakukusudia, maskini.

Treni inaondoka saa nane. Sasa ni saa saba na robo, na kituoni ni mwendo wa nusu saa. Farasi wako mlangoni. Nimekaa tena mezani, na skafu yangu, naandika.