Esnah Mong'ina, Mfugaji Nyuki wa Kebirigo

Mwaka mzima umetimia, Mama, tangu Jumatano ile ulipotoka jikoni mbio usirudi tena. Baba ameomba kumbukumbu hii isiishie kwenye sifa. Anataka tuandike yote, hata yanayomhusu yeye.

Asubuhi ulichuma majani chai, jioni ulikwenda kwenye mizinga yako kumi na minne. Ulivaa nyeupe, kwa sababu nyuki huchukizwa na nguo nyeusi. Mawingu ya mvua yakitanda, uliwaacha. Na ole wake aliyesogea pale akila ndizi mbivu. Ulitueleza kwamba nyuki akishauma huacha harufu kama ya ndizi, na harufu hiyo ndiyo huwaita wenzake.

Kwa kuwa uliumwa mara chache sana, watu wa sokoni walisema nyuki wanakupenda. Baba naye akajisifu hivyo nje ya kanisa, Sabato moja, nawe ukamkatiza taratibu.

"Baba Sheila, nyuki hawanipendi. Hata hawanijui. Mimi ndiye ninayejua wakati wa kuwaendea."

Alicheka. Alidhani ni unyenyekevu wako.

Siku ile jirani yetu Ombui alikuwa akikata mkaratusi kwa msumeno wa injini, saa saba mchana, hatua chache tu kutoka kwenye mizinga. Mngurumo ukawachachamaza nyuki. Ulipofika walikuwa wamemfunika uso. Ulikuwa na kofia yako moja ya wavu. Ukamvika yeye, ukamsukuma hadi akafika barabarani. Wewe ukateleza, ukaangukia kwenye mtaro.

Baba alikuwa ukingoni mwa shamba, blanketi mkononi. Majirani walitaka kuingia, naye akawazuia.

"Hao ni nyuki wake," aliwaambia. "Hawatamfanya kitu."

Alisema hivyo akiamini. Akasimama kungoja uinuke, wakasimama naye. Dakika zilipita. Kisha ukaita mara moja tu.

"Machogu."

Tangu Sheila azaliwe hukuwahi kumwita Baba kwa jina lake mbele ya watu. Hapo ndipo alipokimbia, akakufunika, akakubeba. Lakini uso wako haukutambulika tena, na pumzi ilikuwa imebana. Ulituacha kabla gari halijafika hospitalini.

Baada ya mazishi wajomba walitaka kuichoma mizinga. Baba alikataa. Alisema nyuki walifanya yale uliyotuambia miaka yote kwamba wangefanya. Siku Ombui alipokuja kuomba msamaha, hakuweza kuketi. Alisimama mlangoni akilia. Baba alimshika mkono.

"Wewe hukujua," alimwambia. "Mimi niliambiwa."

Siku hizi Baba anakula kidogo na kusema kidogo. Mtu akipita na kusema jinsi nyuki walivyokupenda, huacha jembe na kumsahihisha, hata kama ni mzee, hata kama ni mchungaji. Sisi wanao tulimsamehe zamani. Yeye bado hajafika huko.

Wanaokukumbuka ni binti yako Sheila, anayetunza mizinga sasa, mwanao Gibson, mama mkwe wako Ruth, jirani yetu Ombui, aliyeomba jina lake liwemo, na mumeo Machogu, ambaye mwenyewe ameomba atajwe wa mwisho.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tulizobakiwa nazo.