Uso wa Kwenye Sabuni

4 Februari

Mwanangu Kibonge,

Hujambo? Mimi sijambo, ila kiuno kinanikumbusha kila asubuhi kwamba sufuria la sabuni si jepesi. Natumai unakula vizuri na kulala mapema, ingawa hilo la pili najua jibu lake.

Nimempa dereva wa lori la vifurushi sanduku letu lilelile. Ndani kuna sabuni za ndimu unazozipenda, nimezikata mwenyewe kwa waya zikiwa bado laini. Mara iliyopita sanduku lilirudi tupu kabisa, hata chembe haikubaki, nikafurahi mno. Nilimwambia jirani, "Unaona? Mtoto yuko mbali, lakini anaogea mikono ya mama yake."

Sasa kuna jambo. Picha yako ya kwenye karatasi ya kufungia sabuni imechoka. Ile uliyopigwa ulipokuwa umeanza tu kukaa, mashavu yamejaa mpaka macho hayaonekani. Siku hizi nikiitazama naona ukungu mtupu, pua haijulikani ilipo. Nimemfokea mpiga chapa, naye anaapa kwamba kibao cha kuchapia ni kilekile na wino ni uleule. Watu hawa wana maneno!

Basi nimeamua tuweke picha mpya. Wateja wanasema "nipe Mtoto mbili", hawajui hata kama sabuni ina jina jingine. Sasa wamwone huyo Mtoto alivyo leo, msichana mzima, uso unang'aa kwa sabuni ya mama yake. Tangazo gani litashinda hilo? Piga picha nzuri, uso wote, uitie kwenye sanduku. Mpiga chapa anasubiri.

Mama yako

15 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea. Pole na kiuno. Nilishakuambia umtafute mtu wa kukusaidia kuinua lile sufuria, lakini najua utasema hakuna anayelijua kama wewe.

Sanduku limefika salama, ahsante. Mwenzangu wa chumbani, yule mshonaji, alisikia harufu ya ndimu tangu mlangoni akasema, "Mama yako amekuja." Halafu mama, mbona barua yako ya karatasi tatu ina maneno ya karatasi moja? Umeanza kuandika herufi za bango?

Hapa duka la miwani tuna wateja wengi. Kazi yangu ni kumkalisha mtu kitini, kumvalisha fremu, kisha kuinama mbele yake mpaka pua zetu karibu zigusane, nione kama imekaa sawa. Bosi anasema nina mkono mwepesi. Uso tu ndio unanisumbua kidogo, ukifika mchana unang'aa kwa mafuta. Ni joto la taa, nadhani.

Picha nimeiweka humu. Samahani kama si nzuri sana.

Mwanao, Kibonge

3 Machi

Wewe Kibonge,

Habari za huko? Huku ni nzuri, jirani anakusalimu, na mimi ni mzima kiasi cha kuweza kugomba.

Nimeipokea picha. Ni picha nzuri sana ya miwani. Miwani mikubwa, mikono miwili imeishika, na nyuma yake kuna mtu ambaye huenda ni mwanangu na huenda ni mteja. Mimi nauza sabuni, mama. Nikiweka picha hii watu watakuja kupimwa macho.

Na hayo mafuta usoni unayoyasema yasikupe shida, hapo umefika kwa mwenyewe. Mafuta na sabuni ni maadui, kazi hiyo nimeifanya tangu hujazaliwa. Yakitoka, osha. Yakirudi, osha tena. Chukua dodoki, pandisha povu, sugua mpaka ngozi ilie kama sahani iliyotakata. Nimekuongezea sabuni nyingine kwa ajili ya uso peke yake. Baada ya hapo piga picha, na mikono iweke mfukoni.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima na umekaa. Kama hujakaa, kaa kwanza.

Nilikuficha. Uso wangu haujaharibika kidogo, umeharibika. Nina chunusi kwenye kidevu na paji la uso, na mashavu ni mekundu kama nimepigwa kofi. Nikitoka kuoga ngozi inakaza mpaka kucheka ni taabu, na baada ya muda mafuta yanarudi kuliko mwanzo. Nilifanya ulivyosema. Nilisugua kwa dodoki kwa moyo wangu wote. Siku iliyofuata bosi alinihamishia chumba cha nyuma kusaga vioo, akasema ni kwa muda tu. Wateja walikuwa wanarudisha vichwa nyuma nikiinama, mama. Walijaribu kuficha lakini niliwaona.

Kisha akaja daktari wa ngozi kutengenezewa miwani. Mwenzangu wa kaunta hakuwepo, nikaitwa mbele. Mimi namtazama macho, yeye ananitazama mashavu. Akaniuliza, "Unaoshea nini uso?" Nikamwambia sabuni ya dukani tu. Mama, nilikukana mbele ya mtu, na sikupata raha siku nzima. Jioni nilimfuata kwenye zahanati yake nikamwambia ukweli.

Anasema ngozi yangu ni ya mafuta na papo hapo ni nyepesi kuumia. Anasema mafuta si uchafu. Ukiyakwangua yote ngozi inaona imenyang'anywa, inatoa mengine kwa pupa. Kwa hiyo asubuhi naosha kwa maji ya uvuguvugu na kiosheo laini kisicho na harufu, kwa vidole tu. Dodoki amelipiga marufuku. Najikausha kwa kugusisha taulo safi, bila kusugua. Kisha napaka krimu nyepesi. Nilimwambia, "Daktari, mafuta ninayo ya kukaangia, nawe unaniongezea krimu?" Akacheka, akasema ngozi ikijua itanyweshwa haitahangaika kujitafutia. Juu yake napaka krimu ya kukinga jua, hata nikiwa nashinda ndani. Jioni naosha vilevile na kupaka ileile nyepesi, basi. Nisitumbue kitu. Foronya nibadilishe mara kwa mara. Na kitu chochote kipya nikijaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku kadhaa, kimoja kimoja, kabla ya kukipeleka usoni.

Sasa linalonishinda kusema ni hili. Sabuni yetu inanichoma. Sanduku lilikuwa linarudi tupu kwa sababu nilimgawia mshonaji na majirani wa hapa, nao wanaipenda kweli, ngozi zao hazina neno. Ni yangu tu. Mimi ambaye uso wangu uko juu yake.

Usikasirike. Au kasirika, lakini niandikie.

Mwanao

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Uko mzima? Nauliza si kwa desturi ya barua, nauliza kweli.

Lori limekuja na kuondoka bila sanduku letu. Simu ukipokea unasema "niko kwenye sufuria" na kukata. Jirani anasema u mzima ila umenuna. Uso unaanza kutulia, wekundu umepungua, lakini sina furaha nao. Nijibu hata kwa kunitukana, nimeshazoea matusi yako na yana utamu wake.

Kibonge wako

29 Aprili

Kibonge,

Mimi ni mzima. Wewe je? Kiuno kimepoa, moyo ndio ulikuwa umewaka.

Nilikasirika, sikufichi. Nilisoma barua yako nikaikunja, nikamwambia jirani huyo daktari kaijulia wapi sabuni yangu. Halafu nililia, mbele ya sufuria, nikakoroga huku nalia. Nilijiona mjinga. Nimewauzia watu uso wa mtoto, kumbe mtoto mwenyewe ninamchoma.

Nilipomaliza kulia nikaona kukaa na hasira hakutengenezi sabuni. Ndiyo maana nilikuwa kimya. Nimepika mpya. Nimeondoa ndimu, nimeondoa manukato, nimeongeza mafuta ya nazi na kuiacha ikomae muda mrefu kwenye rafu. Ya kwanza ilikataa kuganda. Ya pili ilipasuka. Hii niliyoiweka sandukuni imekubali, nyeupe, haina harufu yoyote, ukiinusa ni kama kunusa ukuta. Hii nimeipikia uso wako peke yake. Jaribu, uniambie. Mpiga chapa bado nimemsubirisha.

Mama yako

14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo sana. Nakuombea afya, wewe na kiuno chako.

Sabuni yako nyeupe niliishika muda mrefu bila kuifungua. Najua ulivyo na haraka, najua rafu zako zilivyo finyu, nawe umeacha nafasi ya kuuza ukaweka sabuni ya mtu mmoja. Niliijaribu ndani ya mkono kama nilivyoagizwa. Siku ya kwanza nilifurahi, nikaanza hata kutunga barua ya kukushukuru. Kisha mkono ukaanza kukaza na kuwasha, palepale nilipoosha.

Ningeweza kukuambia imekubali. Ungefurahi, ungenipikia nyingine, nami ningegawa, na sanduku lingerudi tupu tena. Lakini nimechoka kukudanganya kwa sanduku. Haikubali, mama. Mshonaji ameitumia na anataka nyingine, anasema haijawahi kutokea sabuni ikamwacha mikono laini hivi baada ya siku nzima ya sindano. Iuze. Ni nzuri. Mimi nitabaki na kiosheo changu cha chupa, na hakuna hata siku moja nitakayokipenda kama nilivyopenda harufu ya mikono yako.

Nimerudi mbele kwenye kaunta. Bosi alinirudishia koti langu la kazi. Chunusi bado zipo chache, naosha, napaka, nasubiri.

Kuna vitu viwili sandukuni. Kimoja ni picha uliyoiomba. Mikono iko mfukoni. Sikupaka poda, sikumwomba mpiga picha anifutie doa lolote. Uso ndio huo, fanya nao utakavyo.

Cha pili ni miwani. Usinune! Mtu anayeandika herufi za bango na kuona ukungu kwenye karatasi ambayo mpiga chapa anaapa haina kasoro, mimi kazini namjua akiingia tu mlangoni. Ni ya kusomea, ya kuanzia. Nimekisia kwa umri wako na kwa ukubwa wa herufi zako. Ukija nitakupima vizuri.

Mwanao, Kibonge

2 Juni

Kibonge wangu,

Salamu nyingi, na mimi ni mzima kuliko nilivyodhani. Tazama herufi zangu. Barua nzima imeingia karatasi moja.

Miwani niliiacha sandukuni siku ya kwanza. Nikasema huyu mtoto ananizeesha. Siku ya pili nikaivaa jirani alipoondoka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni karatasi ya sabuni. Mwanangu, hukuwa na ukungu wowote. Pua ipo, mashavu yapo, hata lile jino moja la chini linaonekana. Nimekwenda kumwomba radhi mpiga chapa, akanifanya niseme mara mbili ili mkewe naye asikie.

Kisha nikachukua picha yako. Nilikaa nayo mlangoni kwenye mwanga. Nimekuona. Chunusi za kidevu nimeziona, na wekundu pembeni mwa pua, na kovu la mlango wa kabati ulipokuwa unajifunza kutembea. Nimeona pia kwamba jicho lako la kushoto huanza kucheka kabla ya la kulia, kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Nililia tena, ila safari hii sikuwa na hasira na mtu.

Nilipokwenda kunawa nikajiona kwenye kioo na miwani yangu usoni. Wekundu uleule. Mahali palepale, pembeni mwa pua na juu ya mashavu. Miaka yote uso huu unawaka nami nasema ni mvuke wa sufuria. Nikawa nausugua kwa sabuni, mpaka ulie. Ngozi hiyo hukuiokota njiani, mwanangu, ni yangu, mimi ndiye niliyekupa.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Mtoto atabaki kwenye karatasi kama alivyo, hana kosa, na wateja wanamjua. Chini yake nimemwambia mpiga chapa aongeze maneno: "Ya nguo na ya mwili. Ya uso, jaribu kwanza ndani ya mkono." Alinionya kwamba hakuna muuzaji anayeandika hivyo. Nikamwambia mimi nina binti. Ile nyeupe nimeanza kuipika kwa wingi kwa watu wa mikono kama ya mshonaji wako, naye nimemtumia zake.

Picha yako mpya sikumpa mpiga chapa. Nimeitundika juu ya rafu ya sabuni. Mteja mmoja aliiona akauliza, "Huyu ndiye Mtoto? Mbona ana chunusi?" Nikamwambia, "Huyo si wa kuuzia kitu. Huyo ni mwanangu."

Sandukuni nimeweka foronya tu, nimezishona kwa lile gauni langu la pamba la maua, nikazifua kwa maji matupu. Lirudishe na kile kiosheo cha chupa, na krimu yako nyepesi, kama wanawauzia na watu wazima. Niandikie kipi kinatangulia, kwa herufi ndogo, sasa nasoma. Nikishajaribu ndani ya mkono na kuona hali, nitapanda lori pamoja na sanduku. Nataka unikalishe kwenye kile kiti chako na kuinama mbele yangu, karibu kama unavyowafanyia wengine, na mimi kichwa changu sitakirudisha nyuma.

Mama yako, wa ngozi moja na wewe